Nasaba ya Wengi: Uhakiki wa Mti wa Ukoo wa Pamoja

Miongoni mwa tungo ambazo wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki hawajazitilia maanani ni mti wa ukoo unaoandikwa na watu wengi kwa pamoja katika mtandao wa tarakilishi. Utungo wa namna hii hauna mtunzi mmoja. Huanzishwa na mtu wa ukoo, aghalabu kijana aishiye mbali na kwao, ambaye hufungua tovuti, akaandika majina ya wazazi wake na ya babu zake, kisha akawaalika jamaa waongeze wayajuayo. Mmoja huleta jina la bibi aliyesahauliwa, mwingine huleta picha ya harusi, wa tatu huyakanusha ya wa kwanza. Baina ya wachangiaji na wasomaji husimama msimamizi, ambaye hupitia kila mchango kabla haujatokea, akaukubali, akaurekebisha au akaukataa. Makala haya yanamwangalia msimamizi huyo kama mhariri wa matini. Yanadai kwamba kanuni anazozifuata, ambazo hudhaniwa kuwa ni za ufundi wa mitambo tu, zina asili yake katika historia ya watu fulani, na kwamba zikitumiwa bila kuhakikiwa huzivunja nasaba za Afrika Mashariki pale pale zinapodhaniwa kuzihifadhi.

Kanuni hizo hazikubuniwa na familia ndogo ndogo. Zimeigwa kutoka miti mikubwa. Geni ilianzishwa mwaka 2007 na WikiTree mwaka 2008, zote mbili kwa shabaha ya kujenga mti mmoja wa wanadamu ambamo kila mtu aliyewahi kuishi angekuwa na ukurasa mmoja tu. FamilySearch, ambayo ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nayo ina mti wa pamoja wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya wasimamizi ni kuunganisha. Kurasa mbili zikidhaniwa kumhusu mtu mmoja hufanywa ukurasa mmoja, na habari zinazopingana huchujwa hata ibaki moja. Shabaha hiyo si mbaya, maana pasipo kuunganisha, wajukuu mia wa babu mmoja wangeandika babu mia. Lakini yafaa ieleweke kuwa huo ni uamuzi wa kihariri, hauna tofauti na ule wa mhariri anayekusanya miswada mitano ya utenzi mmoja, akatoa matini moja safi, na ile mitano akaitupa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na nasaba za wengi kabla tarakilishi haijakuwako, na katika nasaba hizo swali la mhariri lilikwisha kuulizwa. Taarikhi ya Pate ni mfano ulio wazi. Inasemekana kuwa kitabu chenyewe kiliangamia Waingereza walipoupiga mji wa Witu mwaka 1890. Matini zilizobaki zinatokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini, ambaye alisema ameipokea kutoka kwa babu yake, Bwana Simba. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner akaitoa kwa Kiswahili na Kiingereza katika miaka ya 1914 na 1915. Na mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizikusanya nakala mbalimbali katika kitabu kimoja. Mwenye kuzilinganisha nakala hizo huona kuwa hazilingani. Majina ya wafalme huzidi au hupungua, na miaka ya kutawala hubadilika. Neville Chittick, katika makala yake ya mwaka 1969, alizitilia shaka hata tarehe za mwanzo, zinazompeleka Nabhani wa kwanza Pate katika mwaka wa 600 wa Hijra.

Jambo la kuzingatia hapa si kama Bwana Kitini alikosea. La kuzingatia ni kwamba kila msomaji wa taarikhi hii anamjua aliyeisema, anajua ni wa mbari gani, na anajua aliipokea kwa nani. Bwana Kitini alikuwa Mnabhani akiwasimulia watu habari za Wanabhani. Upendeleo wake hauhitaji kuvumbuliwa, kwa kuwa umo katika jina lake. Huu ndio mwenendo wa isnadi ambao elimu ya Kiislamu iliueneza katika pwani nzima: habari haitenganishwi na mlolongo wa waliyoipokezana, na udhaifu wa habari hutafutwa katika mlolongo huo. Katika mti wa pamoja wa leo, jina la mwana likishaingia na kukubaliwa na msimamizi, husimama peke yake kana kwamba limeandikwa na ardhi yenyewe. Jina la aliyelileta limo, lakini limefichwa katika orodha ya mabadiliko ambayo wasomaji wachache hujua pa kuifungulia.

Taarikhi ya Kilwa yafundisha zaidi, kwa kuwa imehifadhiwa kwa njia mbili zilizotengana. Moja imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, miaka 47 baada ya Wareno kuuteka mji. Ya pili ni ile ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa, ambayo nakala yake, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, imo katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Nakala ya Kiarabu inasimulia merikebu saba zilizotoka Shirazi zikiwa na baba na wanawe sita, kila moja ikashika mji wake. Barros anasimulia habari nyingine. Kwa mujibu wake, mwanzilishi wa Kilwa aliitwa Ali, naye alikuwa mwana wa mfalme wa Shirazi aliyedharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Dharau hiyo ndiyo iliyomhamisha. Katika ile ya Kiarabu mama huyo hatajwi.

Lau habari hizi mbili zingeletwa leo mbele ya msimamizi wa mti wa pamoja, angelazimika kuchagua. Nafasi ya mama katika ukurasa wa Ali ni moja: ama ina jina, ama ni tupu. Akiichagua nakala ya Kiarabu, kwa hoja kwamba imeandikwa na wenyeji, atakuwa amemwondoa mwanamke mtumwa katika asili ya mji. Akimchagua Barros, kwa kuwa kitabu chake kilichapishwa zamani zaidi, atakuwa ameupa ushahidi wa mtekaji nguvu kuliko wa waliotekwa. Na lolote atakalochagua, swali lililo tamu kuliko yote kwa mwanafunzi wa fasihi litakuwa limefungwa, nalo ni hili: ni nani aliyehitaji mama huyo awepo katika hadithi, na ni nani aliyehitaji asiwepo? Swali hilo halijibiki isipokuwa habari zote mbili zikae pamoja.

Yawezekana kudaiwa kuwa taarikhi za wafalme ni jambo moja, na ukoo wa watu wa kawaida ni jambo jingine. Hoja hiyo haina nguvu. Karibu kila ukoo mkubwa wa pwani una mama wa aina ile ya Barros, na karibu kila ukoo umepata wakati wa kumnyamazia. Maneno mwungwana, mtumwa na mzalia hayakufa siku utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Yaliendelea kuamua nani amwoe nani na nani azikwe wapi. Mchangiaji anapoandika kuwa nyanya ya babu alikuwa mzalia katika nyumba ya fulani, hajaleta tarehe na jina tu. Amegusa heshima ya jamaa walio hai. Msimamizi aliye mpole hufuta ili kuepusha ugomvi. Upole wake hurudia kazi ile ile iliyofanywa na mwandishi wa nakala ya Kiarabu, ila kwa haraka zaidi na bila mtu kujua. Hapa sheria haimsaidii sana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu habari za watu walio hai, na miti mikubwa nayo huficha kurasa za walio hai. Bibi huyo alikwisha kufa. Wanaoumia ni wajukuu zake, ambao majina yao hayatajwi katika sentensi inayowaumiza.

Ama kuhusu umbo lenyewe la mti, hapo ndipo kanuni zilizoagizwa kutoka nje zinapoonekana waziwazi zaidi. Umbo ambalo takriban programu zote za nasaba hulielewa ni GEDCOM, lililotolewa na kanisa lililotajwa juu mwaka 1984 ili habari za koo ziweze kuhamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Katika umbo hilo jina la ukoo huwekwa baina ya mikwaju miwili. Jina la Mwingereza huingia humo bila taabu. Sasa na achukuliwe Juma, mwana wa Ali, mwana wa Omari. Mchangiaji akijaza nafasi alizopewa, Juma atakuwa wa ukoo wa /Ali/, baba yake atakuwa wa ukoo wa /Omari/, na babu atakuwa wa ukoo wa jina jingine tena. Programu itahesabu koo tatu mahali penye ukoo mmoja, na mbari yenyewe, ambayo wenyeji huijua kwa jina lake na hawaiandiki katika cheti chochote, haitaonekana popote. Mtu akitafuta jamaa zake kwa jina la ukoo atawapata akina Ali wote wa ulimwengu isipokuwa wale wake.

Ndivyo ilivyo katika ndoa. Hati ya familia katika GEDCOM, kama ilivyokuwa katika matoleo yaliyoenea sana, ina nafasi moja ya mume, nafasi moja ya mke, na nafasi nyingi za watoto. Mwanamume mwenye wake watatu hugawanywa kuwa familia tatu zinazokutana kwake tu. Hesabu ya watoto haiharibiki, lakini uhusiano wa wake wenza wenyewe kwa wenyewe haumo, wala cheo cha mke mkubwa, wala zile nyumba ambazo katika jamii nyingi za bara ndizo zinazogawa ardhi na urithi. Msomaji wa mti huo hawezi kujua kwa nini wajukuu wa nyumba ya pili walihamia mlima mwingine. Kadhalika mzazi na mtoto huunganishwa kwa namna zilizohesabiwa: ya kuzaa, ya kuasili, ya kulea, na moja ya ibada ya kanisa lililolibuni umbo lenyewe. Toleo la mwaka 2021 liliongeza nafasi ya «nyingineyo». Ndugu wa kunyonya, ambao katika pwani hawaoani kamwe na hivyo ni lazima wajulikane, wameachiwa neno hilo la mwisho. Ibada ya kanisa moja ina nafasi yake maalumu. Ziwa la mama halina.

Mfano ulio mzito kuliko hiyo yote ni wa mjane anayerithiwa. Miongoni mwa Wajaluo, kwa desturi iitwayo tero, ndugu wa marehemu aliweza kumchukua mjane, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walihesabiwa kuwa ni wa marehemu, wakabeba jina lake na kurithi kwake. Miongoni mwa Wakamba na Wanandi, mwanamke asiye na mwana aliweza kuoa mwanamke mwenziwe ili nyumba yake isikose mrithi, naye akawa baba kwa hukumu ya jamii. Programu za nasaba zimewekewa ukaguzi wa kuondoa makosa, na mmoja wa ukaguzi huo hulinganisha mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto na mwaka wa kufa kwa baba. Mtoto aliyezaliwa miaka 4 baada ya kifo cha babaye huwashiwa alama ya kosa. Msimamizi, akiona alama hiyo na akiwa na mamia ya nyingine za kushughulikia, hufanya lililo rahisi: hukata uzi wa baba, au humhamishia mtoto kwa ami yake. Amesahihisha tarehe. Papo hapo amemtoa mtu katika ukoo ambao mahakama ya wazee, ya ardhi, na ya matanga yote ilimtambua kuwa ni wake.

Kosa hilo si la tarakilishi. Mtambo hufanya ulichoagizwa. Kosa ni la dhana kwamba nasaba ni elimu ya viumbe, na kwamba jamii imepewa kazi ya kuiandika tu. Katika koo nyingi za Afrika Mashariki nasaba ni hukumu: inasema nani ahesabiwe wa nani, na damu ni hoja moja miongoni mwa hoja. Wachunguzi wa masimulizi walilielewa jambo hili zamani. Bethwell Ogot aliitumia nasaba ya Wajaluo katika kitabu chake cha mwaka 1967 ili kupanga nyakati za uhamaji wao, hali akijua kuwa vizazi havihesabiki kama shanga. David Henige naye, mwaka 1974, alionyesha jinsi orodha za watawala zinavyorefushwa na kufupishwa kufuatana na mahitaji ya wanaozitaja. Ajabu ni kwamba elimu hiyo yote, ambayo husomeshwa katika vyuo vikuu, haikuingia katika fomu moja ya kujazia jina la babu.

Desturi ya majina ya Wagikuyu huleta taabu ya namna nyingine, nayo ni ya kuchekesha kidogo. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili hupewa la baba ya mama, na mabinti vivyo hivyo kwa upande wa nyanya zao. Kwa hiyo Kamau humzaa Njoroge, Njoroge humzaa Kamau, na Kamau huyo humzaa Njoroge. Zaidi ya hayo, ndugu watano waliozaa watoto huwa na wana watano wa kwanza wenye jina moja, katika kijiji kimoja na katika miaka inayokaribiana. Programu inayotafuta kurasa zilizorudiwa huwaona hao kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara tano, ikapendekeza waunganishwe. Jina ambalo kwa wenyewe ni njia ya kumrudisha babu kwa mfululizo usiokatika, kwa mtambo ni ushahidi wa uzembe wa mwandishi. Msimamizi asiyejua desturi hiyo atakubali pendekezo. Anayeijua atalikataa, kisha atalikuta tena mwezi ujao.

Tarehe nazo hudai zaidi ya zinavyoweza kulipwa. Kwa Waafrika wa Kenya, uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo uliwafikia wilaya baada ya wilaya katika karne ya ishirini. Kabla ya hapo mtu alijulikana kwa rika lake na kwa msiba wa wakati wake. Mwenye kusema kuwa mama yake alizaliwa wakati wa Ng'aragu ya Ruraya, ile njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900 katika nchi ya Wagikuyu, ametoa tarehe yenye maana kuliko nambari yoyote: amesema mtoto huyo alizaliwa wakati watu walikuwa wakifa, na kwamba kuishi kwake ni habari. Katika fomu huandikwa «takriban 1899». Nambari hiyo si uongo. Ila neno lililozaa nambari limetupwa, na atakayekuja baadaye kuikosoa hana la kukosolea.

Hapa ndipo penye kanuni inayosifiwa kuliko zote, kwamba kila neno lithibitishwe kwa chanzo. WikiTree hasa inastahili sifa kwa kuisisitiza, na pia kwa kuruhusu uzazi utiwe alama ya shaka pale usipothibitika. Lakini chanzo, katika mazoea ya wasimamizi wengi, maana yake ni karatasi. Basi na iulizwe: ni karatasi za nani zilizobaki? Zipo za kipande, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1915 ili kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Zipo daftari za ubatizo za misheni. Zipo habari za watumwa waliokombolewa na kuletwa Freretown, karibu na Mombasa, tangu miaka ya 1870, wengi wao wakiwa na majina mapya ya Kikristo yaliyokata njia ya kurudi kwao. Karatasi hizo ni za thamani, na hapana mtafiti atakayezidharau. Hata hivyo ziliandikwa na watawala na wamisheni kwa haja zao. Msimamizi anayeiweka kauli ya shangazi chini ya kipande amempa karani wa serikali ya kikoloni neno la mwisho juu ya jina la babu yake mwenyewe.

Si kwamba kauli ya mdomo iaminiwe tu kwa kuwa ni ya mdomo. Kitabu cha Alex Haley kiitwacho Roots, kilichotolewa mwaka 1976, kilijengwa juu ya masimulizi ya mzee mmoja wa Gambia. Mwaka 1981 Donald Wright alieleza baada ya uchunguzi wake kwamba masimulizi hayo hayakuwa na msingi wa kuaminika, na kwamba msimulizi alikuwa amejua mapema mgeni anataka kusikia nini. Hatari hiyo imeongezeka katika mti wa pamoja. Zamani msimulizi alihitaji kudokezwa. Siku hizi mchangiaji husoma ukurasa kwanza ndipo ashuhudie. Jina likiandikwa leo na binamu aliyeko Nairobi, kesho litasemwa na mzee wa Siyu kana kwamba alilipata kwa babu yake, na msimamizi atalihesabu kuwa limethibitishwa na watu wawili. Henige alilijadili tatizo hili la masimulizi kurudi kwa wasimulizi katika makala ya mwaka 1973, akitumia mifano ya pwani ya Ghana, ambako vitabu vilivyochapishwa vilikuwa vimekwisha kuingia katika vinywa vya wazee. Dawa pekee inayojulikana ni kuandika siku ambayo kila neno lilisemwa, na alichokuwa amesoma aliyelisema.

Lugha pia ni ushahidi, na ndio ushahidi unaotupwa kwa wepesi kuliko wote. Miti mingi ya Waafrika Mashariki waliohamia Ulaya, Ghuba na Marekani huandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ami, mjomba, na mume wa shangazi huwa neno moja. Mtu anayesema «ami» amekwisha kusema ni upande gani wa nasaba, na anayesema «baba mdogo» ameongeza kuwa ni mdogo kwa baba. Mchangiaji akiandika «halati yangu alisema», msomaji mjuzi anajua kuwa habari imepitia kwa dada wa mama. Ikitafsiriwa, haijulikani tena imepitia mlango gani. Huenda mtu akaona haya ni mambo madogo. Lakini katika ugomvi wa nyumba ya urithi ndiyo yanayouliziwa kwanza.

Kinachotakiwa basi ni mti wenye kukubali kutokuwa na uamuzi. Kila kauli iwe kitu kinachojitegemea: nani alisema, wapi, siku gani, kwa lugha gani, na aliipata kwa nani. Kauli mbili zinazopingana zikae ubavu kwa ubavu, na umbo la mti lichorwe kutokana nazo, liweze kuchorwa upya kwa kuchagua kauli nyingine. Mwana wa tero awe na baba wa nasaba na baba wa kuzaa, pasi na alama ya kosa. Inapolazimu kuficha neno, kwa sababu ya heshima au ya sheria, pengo lionekane, na iandikwe kuwa kauli imezuiwa kwa ombi la jamaa, na mwaka ambao itafunguliwa. Msimamizi ajulikane kwa jina na kwa mbari yake, kama Bwana Kitini alivyojulikana, na uamuzi mzito asiufanye peke yake.

Mpango huo una gharama, na wanaoupinga wana hoja. Mti wa kauli husomeka kwa shida kuliko mti wa majina; kijana anayetaka kumwonyesha mwanawe babu wa babu hatavumilia kurasa tatu za mabishano. Sehemu ya maelezo marefu iliyomo katika kurasa za WikiTree ni jaribio la kulitatua hilo, na humo hupatikana nathari nzuri kuliko inavyotarajiwa, ingawa mchoro wa mti hauisomi. Liko pia tatizo ambalo halijatatuliwa na mti wowote kati ya iliyotajwa. Wenye kujua nasaba ni wazee, na wengi wao hawaandiki katika tarakilishi. Bibi husema, mjukuu mwenye simu huandika, na mtambo huhifadhi jina la mwenye simu. Taarikhi ya Pate ilikuwa na nafasi ya watu wote watatu, aliyepokewa, aliyesema na aliyeandika. Fomu ya leo ina nafasi ya mchangiaji mmoja, nayo hujazwa yenyewe kabla bibi hajafungua kinywa.